Mgeni Asiyeaga: Shule Yetu Yahitaji Daftari la Ndege na Nondo

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mithali hii wenye maduka pale Kamembe waifahamu vizuri kuliko sisi, maana mwenye duka asiyeandika kilichoingia na kilichotoka, mwisho wa mwezi hujikuta na rafu tupu, naye hajui bidhaa zimekwenda wapi. Leo nataka kuitumia mithali hiyo kwa mali isiyowekwa dukani wala kufungiwa kufuli. Nasema juu ya ndege wanaopita juu ya vilima vyetu vya Nkungu, na nondo wanaoizunguka taa ya bweni usiku wa mvua. Mali hii huingia na kutoka kila mwaka, na shuleni kwetu hakuna aiandikaye.

Shauri langu ni hili, nami nalileta mbele ya wanafunzi, walimu, na sisi tuliokwisha kuondoka shuleni. Yafaa shule yetu iwe na daftari moja la ndege na nondo, liandikwe kila siku kuanzia tarehe 1 Februari hadi tarehe 30 Aprili, mwaka kwa mwaka, bila kukosa. Tena yafaa liandike siku tusizoona kitu kwa uangalifu uleule wa siku tunazoona vingi. Neno hili la pili ndilo nitakalolitetea zaidi, kwa kuwa najua wengi watalicheka.

Kwanza nieleze kwa nini nimechagua miezi hiyo. Huko Ulaya mwezi wa Machi ni mwanzo wa majira ya kuchipua: theluji yayeyuka, miti yatoa majani, na watu hutazama juu wakimngoja mbayuwayu wa kwanza. Kwetu Machi ni mwanzo wa itumba. Urugaryi umekwisha, mvua ndefu zimeanza, mahindi ya msimu B yanachomoza, na wadudu wamejaa kila mahali. Mambo haya mawili, ya kwao na ya kwetu, yamefungwa kwa uzi mmoja, na uzi huo ni ndege. Mbayuwayu anayengojwa kule ndiye anayeondoka huku.

Wasafiri hawa si wachache. Yuko mbayuwayu wa Ulaya, ambaye kwa Kinyarwanda twamwita intashya pamoja na jamaa zake. Yuko keremkerem wa Ulaya, mwenye koo la manjano na mgongo wa kahawia. Yuko mtikisa-mkia wa manjano, ndugu wa inyamanza tumjuaye sote, apendaye kufuata ng'ombe malishoni. Na kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, yuko kitwitwi mdogo anayetingisha kiuno kila atuapo juu ya jiwe. Wote hawa huja kwetu baridi ikianza kwao, nao huondoka kati ya Machi na Aprili, wengine mapema kidogo, wengine baadaye.

Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu kama 20 tu, yaani vijiko vinne au vitano vya sukari. Hata hivyo safari yake ni ya maelfu ya kilomita, akivuka jangwa la Sahara kwenda na kurudi. Ushahidi wa jambo hili haukupatikana zamani sana. Mwezi wa Mei mwaka 1911, huko Staffordshire nchini Uingereza, bwana mmoja aitwaye John Masefield alimvisha mbayuwayu pete ndogo mguuni. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 ndege huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika ya Kusini, pete yake ikiwa mguuni. Hapo mabishano ya miaka mingi yakaisha.

Na mabishano yenyewe yalikuwa ya ajabu. Katika karne ya 18 baadhi ya wasomi wa Ulaya walidhani ya kwamba mbayuwayu hawaendi popote, bali hulala chini ya matope ya vidimbwi wakati wa baridi. Tusiwacheke upesi. Miaka hiyohiyo babu zetu katika nchi hii walikuwa wakiwaona intashya wakijaa angani, miezi ileile ambayo Ulaya walikuwa hawaonekani. Jibu la swali lile lilikuwa juu ya vichwa vya wachungaji wetu kila jioni. Lakini halikuandikwa, na jibu lisiloandikwa haliwezi kumfikia aulizaye. Hiyo ndiyo hasara ninayoisema. Hatukukosa macho wala akili, tulikosa daftari.

Sasa tazameni walivyofanya wenzetu. Huko Norfolk, Uingereza, palikuwa na mwenye shamba aitwaye Robert Marsham. Kuanzia mwaka 1736 aliandika kila mwaka tarehe za dalili za majira ya kuchipua: siku mti fulani ulipotoa jani, siku chura alipolia, siku mbayuwayu wa kwanza alipoonekana. Hakuwa na chombo chochote cha ajabu. Alikuwa na kalamu, wino na subira. Alipofariki mwaka 1797, watoto na wajukuu zake waliendelea kuandika hadi mwaka 1958. Leo wataalamu wanaochunguza jinsi hali ya hewa ilivyobadilika huzirudia karatasi zile, kwa maana hakuna awezaye kurudi nyuma kwenda kupima mwaka 1750. Mzee yule hakujua kwamba kazi yake ingetumika hivyo. Aliandika tu kwa uaminifu, na faida ikaja baada ya yeye kuzikwa.

Lakini ndugu zangu, kuna tofauti kubwa kati ya kazi ya Marsham na kazi itakayokuwa yetu, na hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Marsham aliandika kufika. Sisi tutaandika kuondoka. Kuandika kufika ni rahisi. Mgeni akija hupiga hodi, na kila mtu nyumbani hugeuka kumtazama. Siku ile mbayuwayu wa kwanza anapoonekana, unaijua siku hiyohiyo. Bali mgeni aondokaye usiku bila kuaga, utajuaje siku aliyoondoka? Utaijua kwa njia moja tu: kama ulikuwa ukimhesabu kila asubuhi.

Nitoe mfano. Tuseme tarehe 3 Aprili mwanafunzi wa zamu ameona mbayuwayu 12 juu ya uwanja wa mpira. Tarehe 4 hakuona hata mmoja. Tarehe 5 vilevile. Tarehe 6 akaona wawili. Kisha tarehe 7, 8, 9 na kuendelea hadi mwisho wa mwezi, hakuna. Basi siku ya mwisho ni tarehe 6 Aprili. Lakini ni nani aliyejua hivyo tarehe 6 yenyewe? Hakuna. Jambo hilo limejulikana kwa sababu ya sifuri zilizofuata. Kama mwanafunzi angalichoka tarehe 4 akafunga daftari, angalisema ndege waliondoka tarehe 3, naye angalikuwa amesema uongo bila kukusudia. Kwa hiyo sifuri ni habari kamili kama 12. Tena nathubutu kusema kwamba katika daftari letu sifuri ndizo zitakazokuwa na thamani kubwa kuliko tarakimu nyingine zote, maana ndizo zinazofunga mlango na kusema: sasa wamekwenda.

Mtu aweza kuuliza: je, tarehe ya kuondoka yatufaa nini? Yatufaa kwa kuwa bado ina maswali, na baadhi ya maswali hayo ni ya mahali kama petu. Nkungu iko nyuzi kama 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta. Kwetu urefu wa mchana haubadiliki ila kwa dakika chache mwaka mzima. Sasa ndege hujuaje kwamba kule mbali baridi inakwisha? Katika miaka ya 1960 Mjerumani Eberhard Gwinner aliwafungia ndege wadogo wahamao katika chumba ambamo mwanga na joto havikubadilika. Hata hivyo wakati wa safari ulipofika, ndege wale walianza kuhangaika usiku, kana kwamba wana saa ndani ya miili yao. Lakini saa hiyo si kila kitu, kwa maana chakula nacho kina neno lake. Watafiti wa Italia walichapisha mwaka 2004 ya kwamba mbayuwayu wao huwahi kufika nyumbani baada ya miaka ambayo hali ya Afrika ilikuwa njema, mimea ikiwa imestawi. Maana yake ni kwamba mvua yetu ya itumba, na wadudu wanaozaliwa nayo, vyaweza kusikika hata katika zizi la mkulima wa Italia. Wao wameandika upande wao. Upande wetu ni nani atauandika?

Hapo ndipo nondo wanapoingia. Wengine wataona ni ajabu kuwaweka ndege na nondo katika daftari moja, lakini kwa kweli ni habari moja. Ndege wengi wasafirio hula wadudu, nao kabla ya kusafiri hula sana ili wapate mafuta ya njiani. Viwavi ni chakula chao, na kila kiwavi wa namna hiyo ni mtoto wa nondo au wa kipepeo. Aliyeandika ndege bila kuandika wadudu ameandika wageni waliokuja karamuni, wala hakutaja palipikwa nini.

Tena nondo wana neno lao wenyewe, neno la chakula chetu sisi. Sote twakumbuka mwaka 2017, wakati nkongwa idasanzwe, ambaye wenzetu wa Tanzania humwita kiwavijeshi vamizi, alipotangazwa nchini mwetu. Mdudu huyu asili yake ni Amerika, na katika Afrika alionekana mara ya kwanza mwaka 2016. Wakulima walitoka mashambani wakawaokota viwavi kwa mikono, na hata wanajeshi wakaja kusaidia. Nondo wake aweza kusafiri kilomita kama 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake. Mkulima huona shimo kwenye jani la hindi wakati kiwavi amekwisha ingia ndani ya kikonyo. Lakini kabla ya kiwavi kulikuwa na yai, na kabla ya yai kulikuwa na nondo, na nondo huyo alipita usiku karibu na taa ya mtu.

Wako waliokwisha kulifanyia kazi jambo hili. Kwa yule kiwavijeshi wetu wa asili wa Afrika Mashariki, watafiti waliweka mitego ya taa sehemu mbalimbali tangu miaka ya 1960. Kisha, kuanzia mwaka 2001, katika wilaya ya Kilosa nchini Tanzania, kazi hiyo ilipelekwa vijijini. Kijiji kilipewa mtego wenye harufu ya nondo jike, ambao huwavuta madume, pamoja na chombo cha kupimia mvua. Mkulima mmoja aliyefundishwa aliwahesabu nondo kila siku, akaipima mvua, akatazama hesabu hizo mbili, kisha akawaambia wenzake kama wajiandae au la. Haikuhitaji shahada ya chuo kikuu. Ilihitaji mtu wa kuamka na kuhesabu, hata zile siku nyingi ambazo mtego ulikuwa mtupu. Maana bila kuzijua siku za mtego mtupu, utajuaje kwamba nondo 40 ni wengi?

Naona tayari baadhi ya wasomaji wananyanyua mikono. Basi nijibu hoja zao moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya wanafunzi: tuna mitihani, hatuna nafasi. Nafasi ninayoiomba ni dakika kumi asubuhi kabla ya darasa, na nusu saa usiku mara mbili kwa juma. Wakiwa wanafunzi 12 wa zamu, kila mmoja hupata siku yake mara moja katika siku 12. Mtu asiyeweza kutoa dakika kumi katika siku 12 hajazuiwa na mitihani. Tena somo la baiolojia, somo la jiografia na hata hesabu za wastani na chati yatapata mifano ya kweli, mahali pa ile iliyochapwa kitabuni kwa ajili ya nchi nyingine.

Hoja ya pili: kama ni ndege, si afadhali twende Nyungwe? Siikatai Nyungwe. Msitu ule una aina zaidi ya 300 za ndege, na mwaka 2023 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia. Cyamudongo nayo, kipande kidogo cha msitu kilichotengana na ndugu yake mkubwa, iko katika wilaya yetu hii ya Rusizi. Yeyote apataye nafasi ya kwenda na aende. Lakini safari ya siku moja kwenda kuona ndege adimu ni matembezi, na matembezi hayawi kumbukumbu. Daftari halitaki ndege adimu. Linataka ndege wa kawaida, mahali palepale, saa ileile, miaka mingi. Uwanja wetu wa mpira wafaa kwa kazi hii kuliko msitu wenye sifa, kwa sababu moja tu: tuko hapo kila siku.

Hoja ya tatu: siku hizi kuna simu, na programu kama eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo sasa hupokea orodha za ndege kutoka kila nchi. Ni kweli, na yafaa tuzipeleke hesabu zetu huko pia, ili zisaidie wengi. Lakini simu huandika pale mwenye simu anapopenda kwenda, siku anayopenda, na akimaliza shule huondoka nayo. Daftari hubaki kabatini. Mwanafunzi atakayeingia kidato cha kwanza miaka 20 ijayo ataweza kulifungua na kuona mwandiko wa kaka na dada zake waliomtangulia.

Hoja ya nne ndiyo inayoniudhi zaidi: hiyo ni kazi ya wataalamu na watalii, si kazi ya watoto wa wakulima. Anayesema hivyo na atazame umusambi, yule korongo taji tumpendaye. Mwaka 2017 shirika la RWCA, lililoanzishwa na daktari wa mifugo Mnyarwanda, Olivier Nsengimana, liliwahesabu korongo hao nchini likapata 487. Mwaka 2020 likapata 881. Waliohesabu ni vijana na wanavijiji wa nchi hii. Kama wasingehesabu, tungekuwa tukibishana hata leo kama wanapungua au wanaongezeka, kila mtu na maoni yake. Na huko Uingereza, ambako mitego ya taa ya kuhesabia nondo ilianza Rothamsted mwaka 1933, ripoti ya mwaka 2021 ilionyesha ya kwamba hesabu ya nondo wakubwa imepungua kwa theluthi moja hivi tangu mwaka 1968. Hasara hiyo imejulikana kwa sababu mtu alihesabu walipokuwa wengi. Kwetu, hata wakipungua nusu, hakuna atakayeweza kuthibitisha.

Basi kazi yenyewe ifanyweje? Nashauri yafuatayo, nayo ni machache ili yaweze kutimizwa.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mwenye zamu asimame mahali pamoja palipochaguliwa, ahesabu kwa dakika kumi. Tuanze na aina nne nilizozitaja, wala tusijaribu kuandika kila ndege. Mbayuwayu wa Ulaya asichanganywe na yule mwenyeji aitwaye mbayuwayu wa Angola: wa Ulaya ana koo jekundu-kahawia, chini yake mshipi mpana mweusi wa buluu, na tumbo jeupe, mwenyeji ana wekundu unaoshuka hadi kifuani na tumbo la kijivu. Asiye na hakika aandike alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza si aibu; aibu ni kukisia na kuandika kama kwamba umeona.

Usiku, mara mbili kwa juma, itundikwe shuka nyeupe nyuma ya bweni na taa moja mbele yake, taa ileile kila mara. Nondo wahesabiwe kwa nusu saa, kisha taa izimwe wapate kwenda zao. Hakuna haja ya kuua. Tuhesabu wote kwa jumla, na tumtafute hasa dume wa nkongwa idasanzwe, mwenye baka jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Akionekana, kesho yake wanafunzi watazame mahindi ya bustani ya shule, na wakipata kiwavi mwenye alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwani, habari ipelekwe mara moja kwa afisa kilimo wa sekta. Hesabu ya taa siyo hukumu, lakini ni hodi ya kutosha kumwamsha aliyelala.

Kila mstari uwe na tarehe, saa, hali ya mvua, hesabu, na jina la aliyeandika. Majina ya viumbe yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, na wazee wa vijiji waulizwe yale tusiyoyajua, maana majina nayo ni mali ipoteayo. Kilichoandikwa kisifutwe; kikikosewa, kikatwe kwa mstari mmoja kiendelee kusomeka. Na pasipoonekana kitu iandikwe sifuri, si nafasi tupu. Nafasi tupu haisemi kama hakukuwa na ndege au hakukuwa na mtu.

Taabu moja naijua: likizo ya Pasaka. Wanafunzi huenda nyumbani katika siku zilezile ambazo wasafiri wa mwisho wanaondoka. Hapo wanaokaa karibu na shule washike zamu ya uwanjani. Na wale watokao Kamembe, Nkanka au kisiwa cha Nkombo wasione kwamba wamepumzishwa, kwa maana wao ndio wenye ufuo. Huko ziwani yuko yule kitwitwi. Wenzetu wa pwani ya Kenya, kwenye hori la Mida karibu na Watamu, ambako shirika la A Rocha Kenya lina kituo, huwahesabu na kuwavisha pete vitwitwi wa aina nyingi kabla hawajaruka kwenda kuzaa hadi Siberia. Sisi hatuna bahari, lakini Kivu ni ufuo wetu, na ndege hajali kama maji ni ya chumvi au matamu, mradi apate chakula.

Sasa niwageukie wanafunzi wa zamani wenzangu. Tumezoea kuisoma gazeti hili, kukumbuka mwalimu fulani na wimbo fulani, kisha kulikunja. Safari hii tuna kazi. Wengine wetu tuko Kigali, wengine Bukavu ng'ambo ya Mto Rusizi, wengine Bujumbura, Goma, Mombasa na Dar es Salaam. Ndege hao huruka juu ya miji yetu pia. Kila mmoja aandike tarehe ya mbayuwayu wa mwisho mahali alipo, pamoja na siku alizotazama bila kuona, aipeleke kwa Mhariri kabla ya mwisho wa Mei. Tarehe moja ni kidogo sana, lakini haba na haba hujaza kibaba. Tarehe 30 kutoka miji 10 zitakuwa njia iliyochorwa kwenye ramani. Kadhalika shule itahitaji daftari gumu lenye jalada imara, shuka, taa, na darubini moja hata kama ni ya mtumba. Sisi tunaokula mshahara hatuwezi kushindwa na vitu hivyo.

Najua hatari kubwa ya shauri hili. Si wazo lenyewe, bali ni mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza kila mtu atataka zamu, na jina lake litokee gazetini. Mwaka wa pili patakuwa na asubuhi ya baridi na ukungu, uwanja hauna ndege hata mmoja, na mwanafunzi wa zamu atajiuliza kwa nini ameamka. Kwake yeye nasema: wewe ndiwe tuliyekuwa tukikungoja. Wenye kuandika siku za ndege 50 ni wengi mahali pote. Simama dakika zako kumi, tazama vizuri, uandike tarehe, ukungu, sifuri, na jina lako, kisha uende darasani.